Kipimo cha MRI kwa Mwenye Kisukari Aliyepata Uvimbe wa Titi

Si kila uvimbe mgumu wa titi ni saratani. Mtu aliyeishi na kisukari kwa miaka mingi, hasa kisukari cha aina ya 1 kinachotibiwa kwa insulini, anaweza kupata uvimbe wa makovu usiouma, wakati mwingine katika matiti yote mawili. Uvimbe huo haugeuki kuwa saratani, lakini ukiguswa au ukitazamwa kwa altrasaundi hufanana nayo.

MRI hutumia sumaku badala ya mionzi ya eksirei. Mgonjwa hudungwa dawa ya gadolini mshipani, na picha huonesha kasi ya dawa hiyo kuingia kwenye uvimbe. Saratani nyingi huifyonza haraka. Uvimbe wa kisukari, kwa kawaida, polepole. Hata hivyo, tofauti hiyo si ya kutegemewa peke yake. Jibu la uhakika hutokana na kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kuchunguzwa maabara.

Kabla ya kulipia kipimo, muulize daktari:

• Je, majibu ya MRI yatabadili uamuzi wa kuchukua kinyama?
• Je, figo zangu ziko salama kwa gadolini?
• Je, nivue pampu ya insulini na kihisi cha sukari kabla ya kuingia kwenye mashine?

Usiupuuze uvimbe kwa kudhani ni kisukari tu. Mwenye kisukari naye hupata saratani ya matiti.