Kuinua gari kwa ajili ya Kinyerezi: Utulivu una bei yake, kimo nacho kina yake

WENYE pikapu na magari ya fowili wanaofanya biashara katika vitongoji vya Dar es Salaam vinavyoendelea kujengwa hufika gereji na ombi moja: gari liinuliwe, lisikwaruze chini. Fundi hulipokea ombi hilo kama kazi moja na kuitajia bei moja. Kwa kweli ndani yake mna bidhaa mbili. Moja ni kimo cha gari, ambacho hupatikana kwa spana na saa chache za kazi. Nyingine ni utulivu wa gari likiwa barabarani, ambao ni ghali zaidi na ambao mara nyingi hupungua pale kimo kinapoongezwa kiholela. Mfanyabiashara asiyetofautisha hizo mbili hulipa mara mbili, kwanza gereji na baadaye kwenye duka la tairi.

Kinyerezi, kata ya Ilala inayofahamika nchi nzima kwa mitambo yake ya kufua umeme kwa gesi, ni mahali pazuri pa kuitazamia hesabu hii. Njia kuu zina lami. Ukiiacha lami na kuingia mitaani kunakojengwa nyumba, ardhi ni ya vilima na mabonde yanayoteremkia upande wa Msimbazi, na mvua za masika za Machi hadi Mei huacha makorongo katikati ya njia. Gari hilo hilo linalopeleka saruji asubuhi kwenye korongo, saa moja baadaye liko kwenye lami likiwania nafasi na daladala. Linahitaji kufaa sehemu zote mbili, na hapo ndipo matangazo ya "kuinua gari" yanapokaa kimya.

Kwanza ieleweke ni kitu gani kinachoinuka. Katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, zile za mkonga, na katika pikapu nyingi, ekseli ya nyuma ni chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, na difu imekaa katikati yake. Springi ziko juu ya ekseli hiyo. Ukiweka springi ndefu, bodi na chasisi vitapanda, lakini difu itabaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na tairi peke yake. Anayelipia springi mpya kwa sababu difu inagonga tuta la katikati ya njia ananunua dawa isiyo ya ugonjwa wake.

Na tairi nazo hutoa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Tairi ya 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi, na ya 265/75R16 ina milimita 804. Tofauti ni milimita 27, lakini nusu tu ya hiyo ndiyo huenda chini ya difu, yaani sentimita moja na kidogo. Kwa kubadilisha huko, dashibodi itaonyesha kilometa 80 kwa saa wakati gari linakwenda karibu 83, jambo la kukumbuka mbele ya askari mwenye tochi. Gia nazo huwa nzito zaidi, na kwenye mlima wenye mzigo injini huhisi.

Faida ya springi ndefu ni nyingine: tumbo la chasisi, ngazi za pembeni na bampa hupata nafasi, na pembe ya kuingilia na kutokea korongoni huongezeka. Kwa magari yenye miguu ya mbele inayojitegemea, kama Prado na Hilux za kizazi cha Vigo kilichoanza 2004, difu ya mbele hupanda pamoja na bodi. Hii ni faida halali, ilimradi ijulikane inakotoka.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kukaza toshoni. Hilux nyingi za kabla ya Vigo, pamoja na Hiace, hazina springi ya koili mbele. Zina fimbo ya chuma inayojisokota. Fundi hukaza bolti mbili na pua ya gari hupanda papo hapo. Wengi hulalamika baada ya hapo kwamba gari "limekuwa gumu" na kudhani fimbo imeongezewa nguvu. Sivyo. Ugumu wa fimbo ni ule ule. Kilichotokea ni kwamba mguu umesogezwa hadi karibu na mwisho wa safari yake ya kushuka, na kila tairi inapotumbukia shimoni, mkono hugonga mpira wa kizuizi. Tairi haina tena nafasi ya kufuata shimo, hivyo huning'inia hewani, na tairi iliyoning'inia haivuti wala haifungi breki. Wakati huo huo jointi za shafti za mbele hufanya kazi zikiwa zimekunjwa zaidi, na mipira yake huchanika mapema. Kukaza kidogo ili kurudisha pua iliyolegea kwa uzee ni sawa. Kukaza ili kupata sentimita saba ni kuhamisha fedha kutoka gereji moja hadi nyingine.

Njia ya pili ni kuongeza jani kwenye springi za nyuma. Hii ndiyo inayopendwa na wasafirishaji wa mchanga, matofali na saruji, na ina mantiki yake. Springi yenye majani matano yanayolingana, ikiongezewa la sita la unene ule ule, huwa ngumu zaidi kwa takribani asilimia 20. Likiwa na mzigo gari hukaa sawa. Likiwa tupu, linarukaruka kama mbuzi, na nyuma huteleza kwenye kona ya changarawe. Kwa hiyo swali la kujiuliza si gari linaweza kubeba nini, bali linatembea na nini siku nyingi. Pikapu inayopeleka mzigo mara mbili kwa wiki na siku nyingine humbeba mwenyewe na mhasibu wake haihitaji jani la sita.

Kuna jambo ambalo jani la ziada halifanyi hata kidogo: haliongezi uwezo wa gari kisheria wala kiufundi. Mfuko wa saruji una kilo 50, na mifuko 20 ni tani moja. Springi ikibeba mifuko 30 bila kulalamika, beringi za magurudumu, ekseli, breki na tairi bado ni za tani moja. Tairi yenyewe imeandikwa ubavuni. Namba 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na ndani ya kilo hizo umo uzito wa gari lenyewe.

Njia ya tatu ni bloku, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya ekseli na springi, kikafungwa kwa yubolti ndefu. Nyuma, bloku fupi iliyotengenezwa vizuri huvumilika, ingawa ekseli hupata nafasi ya kujipinda gari linapoondoka kwa nguvu. Mbele isiwekwe kabisa. Ekseli ya mbele hubeba usukani na sehemu kubwa ya nguvu ya breki, na bloku ikiteleza hapo dereva hana la kufanya.

Nyuma ya pikapu kuna kifaa ambacho mafundi wengi wa mitaani hukiacha bila kukigusa, nacho ni vali ya breki inayosoma mzigo. Imefungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli kwa mkono mwembamba. Bodi ikishuka kwa mzigo, vali huruhusu breki za nyuma zifunge zaidi. Bodi ikiwa juu, hupunguza, kwani gari tupu huserereka nyuma breki zikizidi. Sasa gari likiinuliwa sentimita tano, vali husoma kwamba halina mzigo, hata likiwa na tani moja. Breki za nyuma hupunguzwa, za mbele hubeba kazi yote, na pikapu iliyojaa matofali huchelewa kusimama kwenye mteremko. Marekebisho yake ni kipande kidogo cha chuma cha kuurudisha mkono mahali pake, pamoja na kukagua kama mipira ya breki bado ina urefu wa kutosha mguu unaponing'inia. Ni kazi ndogo, lakini haionekani kwa macho ya mteja, kwa hiyo haiombwi.

Tukirudi kwenye utulivu, sehemu kubwa ya fedha inastahili kwenda kwenye shokapu. Shokapu haibebi gari. Uzito wote uko kwenye springi. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya tuta. Inageuza mchezo huo kuwa joto, na ndiyo maana shokapu za bei ya chini hupoteza nguvu kwenye barabara ndefu ya vumbi yenye mawimbi madogo madogo: mafuta yake hupata moto na kuchanganyika na hewa. Springi ikirefushwa na shokapu ikabaki ya zamani, shokapu ndiyo inayokuwa kamba ya kuuzuia mguu usishuke, kazi ambayo haikutengenezewa, na vichwa vyake hukatika. Springi na shokapu hununuliwa kama jozi, kwa urefu na ugumu unaolingana. Kariakoo na Gerezani mtu hupata za dukani, za mtumba na za kuigiza zilizopakwa rangi ya kampuni maarufu. Shokapu ya mtumba ni bahati nasibu ya aina yake, kwa kuwa uchakavu uko ndani na rangi iko nje.

Kwa hiyo mwenye bajeti finyu aanze na vitu visivyoonekana kwenye picha: bushi zilizoliwa, boljointi na tairodi zenye mchezo, shokapu zinazovuja. Gari lenye umri wa miaka 15 likibadilishiwa hivyo hurudi kwenye kimo chake cha kiwandani kwa sehemu na kwenye utulivu wake karibu wote. Geji ya upepo nayo ni uwekezaji mdogo wenye faida ya haraka. Kupunguza upepo kutoka 35 hadi 25 kwenye mchanga gari likiwa halina mzigo mkubwa huirefusha alama ya tairi ardhini na kulainisha safari kuliko springi nyingi za bei kubwa, mradi upepo urudishwe kabla ya lami.

Baada ya hapo ndipo lije suala la kimo, nalo lina hesabu yake. Chukua gari ambalo upana kati ya tairi zake ni sentimita 150 na kitovu cha uzito kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Nusu ya upana ukiigawanya kwa kimo cha kitovu unapata 1.0. Ukikiinua kitovu kwa sentimita tano unapata 0.94, kwa sentimita kumi, 0.88. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo nguvu ndogo zaidi ya pembeni inavyotosha kulipindua gari. Kariya ya juu yenye mzigo huishusha namba hiyo hata kabla ya fundi kugusa spana. Sentimita nne au tano zinatosha mahitaji ya Kinyerezi. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Kuinua pia huvuruga pembe za magurudumu. Land Cruiser zilizopata koili mbele kuanzia 1999 hushikwa na mikono miwili mirefu. Bodi ikipanda, ekseli huzunguka kidogo na usukani hupoteza tabia ya kurudi katikati wenyewe. Barabara ya Morogoro, kwenye mwendo, dereva hujikuta akisahihisha kila wakati. Ziko bushi maalumu za kurekebisha hilo. Kwa miguu inayojitegemea, alaimenti ni lazima siku ile ile, si wiki ijayo.

Mfano wa hesabu tu: seti ya tairi nne ikigharimu Sh. 1,600,000 na kudumu kilometa 50,000, kila kilometa hula Sh. 32. Seti hiyo ikiliwa upande mmoja na kuisha kwa kilometa 20,000, kilometa hula Sh. 80. Kwa gari linalotembea kilometa 2,000 kwa mwezi, tofauti ni Sh. 96,000 kila mwezi. Alaimenti iliyorukwa ili kuokoa fedha imeshalipwa mara kadhaa.

Upande wa bima, mkataba hujengwa juu ya kutoficha jambo. Mwenye bima kubwa aliyebadilisha kimo cha gari na ukubwa wa tairi amwarifu mwenye bima wake kwa maandishi kabla ya ajali, kwani baada ya ajali mkaguzi atapima mwenyewe.

Anayetaka kununua pikapu iliyokwisha kuinuliwa, ambayo kwa kawaida hutangazwa kwa bei ya juu kuliko mwenzake wa kimo cha kiwanda, aingie chini yake akiwa na tochi. Atazame kama jani lililoongezwa linalingana na mengine, kama mipira ya shafti ina nyufa, kama mkono wa vali ya breki umenyooka kupita kiasi, na kama tairi zimeliwa sawasawa ndani na nje. Kisha akandamize kila kona ya gari kwa uzito wake wote na kuachia: ikipanda na kutulia, shokapu ina uhai, ikiendelea kucheza, bei ya shokapu nne itolewe kwenye bei iliyotajwa. Akikuta bloku chini ya springi za mbele, bei hiyo isijadiliwe hadi mwenye gari atakapoziondoa kwa gharama zake.