Chumvi, Gesi na Mkataba wa Theluji: Ulipie Kipi?

Kama una duka dogo Minneapolis, nunua kwanza koleo zuri la theluji. Theluji ikiondolewa kabla haijakanyagwa, chumvi utakayohitaji ni kidogo. Tena sheria ya jiji huipa biashara saa 4 tu za mchana kusafisha njia ya miguu baada ya theluji kukoma. Ukizembea, jiji linaweza kuisafisha lenyewe na gharama ikaingizwa kwenye kodi ya jengo. Umepanga? Soma mkataba wa pango ujue nani atalipa.

Chumvi ya mawe ndiyo rahisi kuliko zote na haikosekani madukani. Lakini ardhi ikipoa chini ya nyuzi -9 za Selsiasi hivi, karibu haiyeyushi kitu. Kalsiamu kloridi huhimili hadi karibu nyuzi -29, ila bei yake ni mara mbili na zaidi. Weka mfuko mmoja mdogo kwa siku kali tu, au mwaga mchanga: hauyeyushi barafu, lakini wateja hawatateleza.

Soma viambato. Mifuko mingi ya bei ya juu ni chumvi ileile iliyotiwa kalsiamu kidogo. Chumvi ya kikombe kikubwa cha kahawa inatosha vipande 10 vya njia ya saruji. Punje zikibaki barafu ikishakwisha, zifagie uzirudishe kwenye ndoo. Ni pesa yako hiyo.

Kwenye gesi ya hita ya nje ndiko watu wanakoumia. Mtungi wa kubadilishana wenye uwezo wa ratili 20 mara nyingi hujazwa 15 tu. Hita ya BTU 40,000 huumaliza kwa saa 8 hivi, wakati uliojaa ungefika 10. Tena gesi iliyobaki kwenye mtungi unaorudisha inapotea. Nenda kituo kinachojaza kwa kipimo, ulipie ulichopewa. Kubadilisha kunafaa pale mtungi wako umepitwa na tarehe, maana kituo kitaukataa. Na hita ya gesi usiiwashe ndani ya hema lililofungwa: hewa yake huua.

Mkataba wa kuondolewa theluji kwa msimu mzima unafaa mwenye maegesho. Mwenye mlango mmoja alipie kila safari. Kabla ya kusaini, uliza theluji ya inchi ngapi ndiyo huwaleta wasafishaji, kama chumvi imo kwenye bei, na nani hulipia kuhamisha rundo likijaa. Majibu yaandikwe kwenye mkataba.