Neno «diaphragme»: sehemu zake, silabi na matamshi

Katika maeneo ya Kongo yanayotumia Kiswahili, mwanafunzi wa tiba hujifunza majina ya viungo kwa Kifaransa, kisha humweleza mgonjwa kwa Kiswahili. Nyuma ya majina hayo kuna lugha ya tatu, yaani Kigiriki. Makala hii inachambua mfano mmoja: diaphragme, msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, ambao ukijikaza hushuka na kuyafanya mapafu yavute hewa.

1. Sehemu za neno

Neno la Kigiriki, diaphragma, lina sehemu tatu: dia- (kupitia, katikati), mzizi phrag- (kuzungushia ua, kuziba) na -ma, kiambishi tamati kinachotaja tokeo la tendo. Maana yake ni kizuizi cha katikati. Plato, katika Timaeus, alikifananisha na ukuta unaotenga makao ya wanawake na ya wanaume. Kiambishi -ma hurefuka kuwa -mat- katika maumbo mengine. Ndiyo sababu Kifaransa husema diaphragmatique, kama vile problématique.

Wagiriki waliuita msuli huo pia phrenes, neno lililomaanisha vilevile akili. Kutoka hapo yamezaliwa schizophrénie na nerf phrénique. La pili halihusu akili, bali neva inayouendesha msuli huu. Neva hiyo hutokana na neva za 3, 4 na 5 za shingo. Kwa hiyo jeraha la uti wa mgongo sehemu ya juu ya shingo laweza kukatiza pumzi. Anayechanganya maana hizo mbili hupotoka katika jambo la uhai.

2. Silabi na matamshi

Kigiriki kina silabi nne, di-a-phrag-ma, na mkazo huangukia ya pili. Kifaransa hutamka g. Kiingereza huiandika bila kuitamka. Kwa hiyo, neno likipitia Kiingereza, Kiswahili hupata diaframu (di-a-fra-mu). Likipitia Kifaransa, g hudai irabu ya kuitegemeza: diafragima (di-a-fra-gi-ma). Hapo mkazo, ambao katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huangukia -gi-, yaani irabu ile ile ambayo Kigiriki hakikuwa nayo.

3. Neno la Kiswahili

Kiswahili kina pia kiwambo: ki-, mzizi -wamb- na -o, kutoka kuwamba, yaani kutandaza ngozi na kuikaza juu ya ngoma. Mgiriki aliona ua. Mswahili anaona ngozi iliyokazwa, na msuli wenyewe umetandazwa hivyo. Hata hivyo, sikio nalo lina kiwambo chake. Mbele ya mgonjwa yafaa kusema kiwambo cha kati ya kifua na tumbo: maneno ni mengi zaidi, lakini atayaelewa bila Kigiriki wala Kifaransa.