Kompyuta Inapokataa: Tuisome Kabla ya Kuilaumu

Darasani tumefundishwa kwamba mhakiki hahukumu kazi asiyoisoma. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba kanuni hiyo inatufaa hata tunaposakinisha programu kwa kuandika amri, au kama tusemavyo mabwenini, tunapo“instoo”.

Likizo nilikuwa nyumbani Izimbya, Bukoba, nikinakili tungo za enanga nilizomrekodi babu. Enanga ni sanaa ya Wahaya ambayo M. M. Mulokozi aliitafiti kwa kina. Nilitaka kuhesabu maneno yanayorudiwarudiwa, nikachagua NLTK, programu ya kuchambua lugha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 2001. Kompyuta yangu inatumia Ubuntu. Nikaandika “pip install nltk”. Ikakataa. Nikarudia mara tatu, wapi! Nikaanza kumaliza bando kwa kutafuta video za ufumbuzi.

Babu akaniuliza, “Imesema nini?”

“Imekataa, babu.”

“Sikuuliza hivyo, mjukuu wangu. Imesema nini?”

Kumbe sikuwa nimesoma! Ilisema kwamba pip, yaani amri inayoleta programu za Python, haimo. Na palepale ikataja dawa: “sudo apt install python3-pip”. Nikaifuata, pip ikaingia.

Likaja kosa la pili: Python hii inasimamiwa na mfumo wenyewe, usiiguse. Zuio hili liliingia Ubuntu mwaka 2023. Rafiki mmoja alinishauri kwa simu niongeze “--break-system-packages”, eti mambo yataisha. Jamani, jina lenyewe linasema “vunja”! Vifaa vingine vya kompyuta vinaitegemea Python hiyohiyo, na humo ndimo ilimokuwa sauti ya babu, nakala pekee. Nikausoma ujumbe hadi mwisho. Ulipendekeza nitenge mahali pa pembeni, nikafanya hivi, amri moja baada ya nyingine:

sudo apt install python3-full
python3 -m venv chumba
source chumba/bin/activate
pip install nltk

Safari hii ikakubali. Kitakachoharibika ndani ya “chumba” kinafutwa pamoja na folda yake, na mfumo unabaki salama. Ila kila ukifungua dirisha jipya la amri, uanze na ule mstari wa “source”.

Kosa la tatu lilitokea nilipoanza kukata maneno: data iitwayo punkt_tab haikupatikana. Hapo sikubabaika tena. NLTK huja bila data zake, na ujumbe wenyewe uliandika amri ya kuzileta: “nltk.download('punkt_tab')”.

Kwa kuhitimisha, makosa yote matatu yalibeba majibu yake. Kilichonichelewesha ni uvivu wa kusoma, tena kwa mwanafunzi wa fasihi! Basi programu ikikugomea, usirudie amri wala kukimbilia ushauri wa mtu. Jiulize kwanza swali la babu.