Usiulize "bei gani?" kabla hujaandika ukurasa huu mmoja

Wengi wetu tukitaka mtu wa kututunzia data za biashara na kuzirudisha siku mambo yakiharibika, tunaanza na "bosi, bei gani?" Mmoja atasema laki moja kwa mwaka, mwingine laki sita. Hapo huwezi kulinganisha, maana kila mmoja anauza kitu chake.

Makampuni makubwa huandika kwanza ombi la mapendekezo, wakaligawa kwa watoa huduma wote. Kwa duka letu la mtandaoni ukurasa mmoja unatosha. Wangu nimeupanga hivi.

1. Nina nini, na kiko wapi. Oda, namba za wateja, madeni, picha za bidhaa, tovuti. Taja na idadi: oda ngapi kwa siku, picha zinajaza nafasi kiasi gani. Ila paswedi na majina ya wateja usiweke humo.

2. Naweza kupoteza data za muda gani. Kama nakala inachukuliwa saa sita usiku, na simu au seva ikafa saa kumi na moja jioni, oda za siku nzima zimeondoka. Oda tano utazikumbuka. Sitini je? Mimi niliandika: zisizidi saa 4.

3. Naweza kukaa nimefunga kwa muda gani. Piga hesabu. Kama faida yako ni 40,000 kwa siku, siku tatu ni 120,000, na bado hujahesabu wateja waliohamia kwa jirani. Mimi niliandika: niwe nimerudi ndani ya siku moja. Namba hii na ile ya juu ndizo zinazobeba bei. Ukitaka kurudi ndani ya dakika kumi utalipa sana, na huenda huhitaji.

4. Maswali ya kujibiwa kwa maandishi:
- Nakala zinakaa wapi? Kanuni ya kawaida ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali kabisa na nyingine.
- Virusi vikifunga data na kudai hela, kuna nakala ambayo havifikii?
- Jumapili usiku nani anapokea simu?
- Akaunti zinasoma jina la nani? Ziwe kwa jina lako.
- Nikihama, napewaje data zangu, na kwa gharama gani?

Hilo swali la kwanza usiliruke. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliweza kuanza tena. Wapo ambao nakala zao zilikuwa hapo hapo, zikaungua pamoja na data zenyewe. Kwa hiyo ukubwa wa kampuni peke yake si kinga.

5. Jaribio. Andika wazi kwamba kabla ya malipo ya mwisho arudishe data zako mbele yako, na arudie kila baada ya miezi mitatu. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa bado ni ahadi tu.

6. Bei kwa mpangilio mmoja. Gharama ya kuanza, ya kila mwezi, na ya siku ya kurudisha data. Hiyo ya tatu wengine hawaitaji hadi uwe umeshakwama. Weka na tarehe ya mwisho ya kujibu.

Kwa walioko Tanzania, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Namba ya mteja na mahali anapoishi ni taarifa zake binafsi. Anayekutunzia aandike kwamba hatazitoa wala kuzitumia kwa mambo yake.

Ukimaliza, tuma ukurasa huo huo, bila kubadilisha neno, kwa watu watatu. Majibu yakirudi yaweke pamoja. Aliyeruka swali la jaribio mtoe kwanza, hata kama bei yake ni tamu. Waliobaki ndio uanze nao kuongea hela.