Kidole kimoja tu, wiki sita mguu juu ya mto!

Mpenzi msomaji, wewe cheka tu. Hata mashoga zangu wa hapa Tandika walicheka waliposikia naenda kupasuliwa kidole gumba cha mguu. "Kidole? Si uchue na mafuta ya moto?" Mmoja akadiriki kuniuliza kama sijakanyaga kitu cha watu.

Sikukanyaga kitu. Kinundu kilianza taratibu, pembeni mwa kidole gumba cha mguu wa kulia, nikadhani ni sugu. Kumbe si sugu wala nyama, ni mfupa wenyewe. Ule mfupa mrefu ulio nyuma ya kidole unasogea nje, kidole nacho kinawaegemea wenzake, kiungo kinabaki kimechomoza kama kiwiko. Marehemu mama alikuwa nacho, na bibi mzaa mama pia, na wote wawili walivaa kandambili maisha yao yote. Kwa hiyo asili ya ukoo imo. Ila mimi nilikichochea kwa mchuchumio. Fundi wa nguo za sherehe ukitokea ukumbini Kinondoni na makubazi, nani atakupa kazi?

Na wala si maradhi ya leo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza walivyochunguza mifupa ya watu 177 waliozikwa mjini humo na kijiji cha jirani zamani hizo. Waliozikwa kati ya karne ya 11 na 13, asilimia 6 tu walikuwa na kinundu. Waliozikwa karne ya 14 na 15, vilipoingia viatu vya ncha kali, asilimia 27! Na miongoni mwao walikuwemo wanaume wenye fedha na watawa wa kanisa. Nilimsomea mume wangu habari hiyo, maana ndiye aliyekuwa akisema "wanawake na urembo wenu". Alinyamaza kimya.

Daktari aliniambia wazi kwamba hakuna dawa ya kupaka inayonyoosha mfupa, na kwamba hapasui kwa ajili ya urembo bali maumivu yakizidi. Zipo njia zaidi ya 100 za kuufanya upasuaji huo. Mimi nilichomwa ganzi ya mgongo, mfupa ukakatwa, ukasogezwa mahali pake, ukabanwa kwa skrubu mbili ndogo. Saa moja hivi, kwisha. Nikajisemea, kumbe jambo lenyewe dogo!

We acha tu. Ganzi ilipoisha kidole kilipiga mdundiko usiku kucha. Siku tatu za kwanza sizitamani hata kwa adui yangu. Mguu uwe juu ya mito, juu zaidi ya usawa wa moyo, ili uvimbe upungue. Ukiushusha dakika kumi tu unahisi damu yote imeshukia pale.

Sasa njoo kwenye choo. Nyumba yetu ni ya wapangaji, vyumba sita, choo kiko uani na ni cha kuchuchumaa. Nimevaa kiatu cha hospitali chenye soli ngumu kama ubao, natakiwa nikanyagie kisigino, kidole kisikunjwe. Nichuchumae vipi? Yaani mchuchumio umenifikisha mahali siwezi kuchuchumaa! Kijana wa chumba cha tatu ndiye aliyeniokoa, akakata tundu kwenye kiti cha plastiki. Kikawa kiti cha nyumba nzima. Mzee wa chumba cha mwisho mwenye magoti mabovu alikuwa akikiazima kila alfajiri, nami nasubiri zamu kwenye kiti changu mwenyewe. Swala nayo niliswali nimekaa kitandani.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa cherehani. Changu ni cha kukanyaga, na mguu wa kazi ni huohuo wa kulia. Wiki ya pili nyuzi zikatolewa, nikaanza mazoezi ya kukikunja kidole kwa mkono ili kiungo kisikakamae, ila kukanyaga bado. Mfupa unataka wiki sita au zaidi ndipo uunge. Mama mmoja wa Kinondoni aliyeniletea vitenge kumi na viwili vya sare akaja kunipa pole. Aliuangalia mguu, akaliangalia fungu la vitambaa, akavihesabu, akaondoka navyo. Akataka na arbuni yake, nami nilishaipeleka duka la dawa. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba akaja kukumbushia kodi ya miezi sita.

Ndipo nikafanya ujinga. Wiki ya nne, usiku, watu wamelala, nikajikokota hadi kwenye cherehani. Gauni moja, la pili, la tatu. Asubuhi mguu umekuwa boga! Hospitali nilikwenda kwa bajaji nikilia njia nzima, si kwa maumivu, kwa hofu kwamba nimezing'oa skrubu. Picha ya eksirei ikaonyesha hazikuhama, namshukuru Mungu. Daktari, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, akaniambia, "Mama, mimi kazi yangu niliimaliza siku ile. Mfupa unauunga wewe kwa kukaa." Akaniongezea wiki mbili.

Ikabidi nikae kweli. Binti niliyekuwa nikimfundisha, ambaye kwa miaka miwili sikumruhusu kugusa mkasi wa kukatia, nikampa mkasi. Mimi kitandani na rula, nanyoosha kama mwalimu wa darasa la tatu: hapo, la, rudi nyuma inchi moja. Gauni la kwanza aliliharibu kwapani, nikalipa kitambaa. La nne lilinishinda hata langu. Leo wako wateja wanaoingia hapa na kuniuliza, "Yule binti yupo?" Nakasirika kidogo, sikufichi.

Sasa ni mwezi wa nane. Jioni bado mguu unavimba, na nimeambiwa uvimbe unaweza kukawia hadi mwaka. Kidole kimenyooka, hakikunjiki kama cha kushoto, lakini nakanyaga cherehani kutwa nzima. Ukumbini nakwenda na viatu vya chini, vipana mbele, na kazi napata.

Mchuchumio wangu mwekundu ulikuwa umebaki uvunguni. Wiki iliyopita wifi alikuja kutoka Mwananyamala, akauona. "Wifi, si unipe mimi?" Nikamwambia chukua, ila vaa kwanza, nenda mpaka choo cha uani urudi. Alirudi peku, kaushika mkononi.