Vinara wa muziki wa asili, kutoka Dadamu hadi Unguja

Dadamu, pembeni mwa jiji la Arua katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kinubi kiitwacho adungu kinapigwa makanisani na shuleni. Lakini ukitaka kuwasikia wapigaji wa enzi za bibi na babu, kimbilio ni albamu za kumbukumbu. Hizi ndizo rekodi zinazoshika nafasi za mbele Afrika Mashariki, na ala za West Nile zinazostahili kusimama nazo.

Mwanamke wa kwanza kwenye santuri. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi Bombay mwaka 1928. Kufikia 1931 santuri zake zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000.

Mkusanyiko mkubwa kuliko yote. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka na mitambo yake ya kurekodia, akapita Uganda mwaka 1950 na 1952. Msururu wake wa Sound of Africa una santuri 210.

Umri mrefu zaidi ndani ya albamu moja. Juzuu ya kwanza ya mfululizo wa albamu za Zanzibara, ya mwaka 2005, inaadhimisha miaka 100 ya Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905.

Albamu yenye majonzi kuliko zote. Royal Court Music from Uganda imekusanya kazi ya Tracey katika majumba ya wafalme. Humo zinalia entenga, ngoma 15 za Kabaka, mfalme wa Buganda, zilizopigwa na watu sita. Mei 1966 jeshi la Uganda liliishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, na muziki ule wa ikulu ukasambaratika. Rekodi za Tracey ni miongoni mwa kumbukumbu zilizobaki.

Ala yenye mwili mkubwa. Hapa West Nile inatamba. Adungu ndogo hukaa mapajani. Ya besi husimamishwa chini, na tumbo lake la mti uliochongwa huwambwa ngozi ya ng'ombe. Kabla ya wimbo, mpigaji huzungusha vigingi shingoni kimoja baada ya kingine, akigusa uzi na kusikiliza mpaka adungu zote, ndogo kwa kubwa, zipatane.

Ala iliyo hatarini. O'di ya Wamadi, yenye nyuzi na tumbo la bakuli, hupigwa harusini, kwenye mavuno na katika kusuluhisha ugomvi. Mwaka 2016 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa vijana wengi wanaiona imepitwa na wakati.

Rekodi za kale za West Nile nazo zipo: mtafiti wa muziki Klaus Wachsmann alirekodi sehemu nyingi za Uganda kuanzia 1949, West Nile ikiwemo. Rekodi zake zimehifadhiwa British Library, London, na nakala zimerejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Kinachohitajika sasa ni albamu ya West Nile yenyewe: rekodi hizo za kale pamoja na wapigaji wa leo, kila mmoja kwa jina lake na kijiji chake. Entenga zinatufundisha kwamba kazi hii hufanywa wapigaji wangali hai.